Graf von Götzen: Afisa wa Prussia Aliyeupanda Nyiragongo

Muhula uliopita, katika somo la tafsiri, mwalimu wetu aliandika ubaoni neno moja la Kijerumani, Kriegsministerium, akatutaka tulitafsiri. Karibu sote tuliandika Wizara ya Ulinzi, kwa sababu ndiyo tunayoisikia redioni. Alitukosoa sote. Krieg ni vita, na waliolibuni jina lile hawakuona haya kulitamka. Mfasiri hana ruhusa ya kuona haya kwa niaba yao. Jibu sahihi lilikuwa Wizara ya Vita.

Nilitoka darasani nikitaka kujua wizara hiyo ilikuwa ya nani, na maafisa wa jeshi lake walifika wapi. Nilidhani utafiti wangu ungeishia Berlin. Kumbe ulinirudisha hapa hapa Goma, kwenye mlima tunaouona asubuhi mawingu yanapofunguka. Mmoja wa maafisa wa jeshi hilo, Gustav Adolf von Götzen, aliupanda Nyiragongo mwaka 1894. Wasomaji wengi wa jarida hili wamekutana na jina lake katika vitabu vya historia kwa mstari mmoja au miwili, kama Mzungu wa kwanza kufika Ziwa Kivu. Napenda kueleza maisha yake kwa urefu kidogo, kwa maana miaka 11 baada ya kusimama juu ya mlima wetu aliongoza vita ambavyo silaha yake kubwa ilikuwa njaa. Nataka pia kuuliza ni nani aliyepaswa kujibu kwa vita hivyo.

Tuanze na wizara yenyewe. Ujerumani ya zamani haikuwa nchi moja. Ilikuwa falme na madola mengi, na Prussia ndiyo iliyokuja kuwa na nguvu kuliko yote. Mwaka 1806 Napoleon alilivunja jeshi la Prussia. Baada ya aibu hiyo, maafisa wachache wakiongozwa na Gerhard von Scharnhorst walianza kulijenga upya, na Wizara ya Vita ilizaliwa katika mageuzi hayo, kati ya mwaka 1808 na 1809. Mambo ya jeshi yaliyokuwa yametawanyika katika ofisi nyingi yaliwekwa chini ya paa moja: fedha, bunduki, sare, kambi, na chakula cha askari na cha farasi.

Falme zilipoungana mwaka 1871 kuwa dola moja chini ya Kaisari, jambo la ajabu lilitokea: dola hilo halikuunda wizara yake ya vita. Bavaria, Saksonia na Württemberg zilibaki kila moja na wizara yake, na waziri wa vita wa Prussia ndiye aliyekuwa akilisemea jeshi mbele ya bunge la dola, Reichstag. Hata hivyo, mwaka 1883 waziri huyo alipunguziwa mamlaka. Makao ya mipango ya vita yalipewa haki ya kwenda moja kwa moja kwa mfalme, na uteuzi wa maafisa ukatoka mikononi mwa wizara. Waziri alibaki na deni la kujibu maswali bungeni, huku maamuzi makubwa yakifanyika katika vyumba vingine. Naomba msomaji aliweke jambo hili akilini, maana tutalirudia.

Götzen alizaliwa tarehe 12 Mei 1866 huko Scharfeneck, katika jimbo la Schlesien, ambalo leo liko Poland. Familia yake ilikuwa ya makabaila, na ndiyo maana jina lake hutanguliwa na cheo cha Graf. Kati ya mwaka 1884 na 1887 alisoma sheria katika vyuo vya Paris, Berlin na Kiel, kisha akaingia jeshini, katika kikosi cha wapanda farasi wa walinzi wa mfalme. Kijana wa ukoo kama ule alikuwa na njia iliyonyooka mbele yake: paredi, mitihani, na vyeo kimoja baada ya kingine. Yeye alitamani kusafiri. Mwaka 1891 alikwenda kuwinda katika nchi ya Kilimanjaro, na aliporudi Ulaya tayari alikuwa akifikiria safari kubwa zaidi.

Tarehe 21 Desemba 1893 aliondoka Pangani, kwenye pwani ya Bahari ya Hindi, pamoja na Wajerumani wenzake wawili, von Prittwitz na daktari Kersting, na mamia ya wapagazi na askari Waafrika. Walivuka nyika za ndani, wakafika maporomoko ya Rusumo kwenye mto Kagera mwanzoni mwa Mei 1894, wakaingia Rwanda. Kwa mujibu wa mikataba ya Ulaya, nchi ile ilikuwa imekwisha kuhesabiwa upande wa Wajerumani, ingawa mwenye nchi, mwami Kigeri IV Rwabugiri, hakuwa ameulizwa. Götzen alipokewa katika makao ya mwami, kisha akaendelea magharibi hadi kwenye volkano na ziwa letu. Mwezi Juni aliupanda Nyiragongo na kuchungulia shimo lake. Baadaye alipita katika msitu mkubwa wa Kongo, akaufikia mto Kongo mwezi Septemba, na kabla ya mwaka kuisha alikuwa Matadi, karibu na Bahari ya Atlantiki. Mwaka 1895 alitoa kitabu juu ya safari hiyo, na jina lake likavuma.

Hapa mwanafunzi wa isimu hana budi kusimama kidogo. Katika maandishi ya Kijerumani ya zama zile, mlima wetu unaitwa Kirunga-tscha-gongo. Herufi tsch ndizo Mjerumani anazotumia kuandika sauti yetu ya ch. Kwa hiyo tunapata kirunga cha Gongo. Katika Kinyarwanda volkano ni ikirunga, na kiunganishi cha ngeli hiyo ni cya, ambacho sikio la mgeni hulisikia kama cha. Katika Kiswahili cha pwani, nomino inayoanza na ki- nayo hudai cha. Je, aliyelitamka jina hilo alikuwa mwenyeji akisema Kinyarwanda, au mpagazi wa pwani akiwa ameliokota neno na kulivalisha sarufi ya Kiswahili? Tahajia ya Kijerumani haituruhusu kuamua. Jambo moja tu naweza kusema bila wasiwasi: hakuwa mtu wa mtaani kwetu leo, maana sisi wa Birere na Majengo tungesema kirunga ya Gongo, kama tunavyosema kitabu ya mwalimu. Jina tunalolitumia sasa lina nyira-, kiambishi kinachoanzia majina mengi ya wanawake katika Kinyarwanda. Katika silabi moja ya kitabu cha Mjerumani imefichwa sauti ya mtu ambaye jina lake halikuandikwa.

Nilimsimulia bibi yangu mzaa mama habari za Götzen. Bibi hakuwahi kusikia jina hilo. Mlima anaujua vizuri, kwa sababu aliukimbia mwaka 1977, akaukimbia tena mwaka 2002, na mwaka 2021 tulikimbia naye. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza jambo moja tu: watu wote wale walikula nini njiani, na chakula chao kilibebwa na nani. Sikuwa na jibu, nikacheka. Baadaye niliona kwamba swali lake ndilo lingenisaidia kuielewa sehemu ya pili ya maisha ya mtu huyu.

Baada ya safari, Götzen aliendelea kupanda ngazi. Kuanzia mwaka 1896 alikuwa mwambata wa kijeshi wa ubalozi wa Ujerumani huko Washington, na mwaka 1898 alivitazama vita vya Marekani na Hispania kule Cuba, ambako alifahamiana na Theodore Roosevelt. Mwaka 1901 Kaisari alimteua kuwa Gavana wa Afrika ya Mashariki ya Kijerumani. Alihamia Dar es Salaam, na pamoja na ugavana akawa pia mkuu wa jeshi la koloni. Mtawala wa raia na amiri wa askari walikuwa mtu mmoja.

Miaka yake Dar es Salaam imeacha alama katika lugha yetu. Kabla ya mwaka 1904, rupia moja ya koloni ilikuwa na pesa 64. Mwaka huo, Götzen akiwa gavana, mfumo ulibadilishwa, rupia ikawa na Heller 100. Watu wakaiita sarafu hiyo hela. Rupia imekufa, Heller imekufa, lakini leo ukienda Dar es Salaam au Kigoma utawasikia watu wakisema hawana hela. Sisi huku tunasema feza, yaani fedha, ambayo asili yake ni madini, au franga, kwa sababu upande wetu walikuja Wabelgiji na faranga yao. Ukimsikiliza mtu akilalamika kwamba mfuko wake hauna kitu, unaweza kujua babu zake walilipa kodi kwa bendera gani.

Kodi ndiyo ilikuwa shida. Serikali ya Götzen ilitaka kodi ilipwe kwa fedha, na ilitaka pamba. Kuanzia mwaka 1902, katika wilaya za pwani ya kusini, vijiji vililazimishwa kulima mashamba ya pamba ya pamoja chini ya majumbe na maakida. Malipo yalikuwa madogo mno, na muda uliotumika huko ulikuwa muda wa kulima mahindi na mtama wa nyumbani. Mwishoni mwa Julai 1905, katika vilima vya Wamatumbi, watu waling'oa mashina ya pamba. Hivyo ndivyo vilivyoanza vita vya Maji Maji.

Huko Ngarambe mganga aliyeitwa Kinjikitile Ngwale alikuwa akigawa dawa ya maji ambayo watu waliamini itazigeuza risasi za Wajerumani kuwa maji. Wajerumani walimnyonga mwanzoni mwa Agosti, lakini dawa ilikuwa imekwisha kusambaa kwa Wangindo, Wapogoro, Wabena na Wangoni, watu wenye lugha mbalimbali na waliokuwa na ugomvi wao wa zamani. Neno lililowaunganisha lilikuwa la Kiswahili, rahisi kuliko yote, neno ambalo kila mtoto analijua. Nalitaja jambo hili kwa sababu darasani huwa tunakisoma Kiswahili cha enzi zile kama lugha ya maakida, ya makarani na ya askari. Mwaka 1905 kilikuwa pia lugha ya waliowakataa.

Maji hayakuzuia risasi. Tarehe 30 Agosti watu kwa maelfu waliishambulia boma ya Mahenge, bunduki za mtombo zikawaua kwa mamia. Götzen aliomba msaada Berlin, na meli za kivita zikaleta wanajeshi wa majini. Hata hivyo, wapiganaji walipoacha kushambulia maboma na kuingia porini, risasi hazikutosha. Maafisa wakaamua kupigana na chakula. Vikosi vilichoma vijiji, vikachoma mashamba, vikachukua nafaka iliyowekwa akiba na kuwazuia watu wasipande. Götzen alilijua hilo na alilikubali. Katika kitabu chake cha mwaka 1909 juu ya vita hivyo aliandika kwamba kuharibu mali na vyakula vya adui kulikuwa hakuepukiki.

Hesabu za wafu zinatofautiana sana, na tofauti hiyo yenyewe inafundisha. Upande wa serikali uliandika kwa uangalifu: Wazungu 15, na askari Waafrika 389. Kwa wananchi, Wajerumani walikadiria 75,000. Mwanahistoria Mtanzania Gilbert Gwassa alikadiria kati ya 250,000 na 300,000, wengi wao wakiwa wamekufa kwa njaa na maradhi yaliyofuata. Waliokuwa kwenye orodha ya mishahara walihesabiwa mmoja mmoja.

Sasa turudi kwenye ubao wa mwalimu. Nilipofika hapa nilitarajia kuikuta Wizara ya Vita ya Prussia nyuma ya moto huo. Sikuikuta. Jeshi la koloni, Schutztruppe, halikuwa chini yake. Tangu mwaka 1891 lilikuwa chini ya ofisi ya majeshi ya majini, na mwaka 1896 likahamishiwa idara ya makoloni katika Wizara ya Mambo ya Nje. Afisa wa Prussia aliyekwenda Afrika alitolewa kwanza katika jeshi lake la nyumbani. Waziri wa vita wa wakati ule, Karl von Einem, hakuwa na amri juu ya askari wa Dar es Salaam. Mambo ya Nje nayo ni ofisi ya mabalozi. Amri ya mwisho ilikuwa ya Kaisari, ambaye bunge halikuweza kumhoji. Na huku koloni, gavana aliyetoa ripoti juu ya jeshi alikuwa yeye yule aliyeliongoza.

Mtu asinielewe vibaya. Sisemi kwamba Wizara ya Vita ingewaokoa Wamatumbi. Haikuwa nyumba ya huruma. Ninachosema ni kwamba vita vile havikuitwa vita katika karatasi za serikali. Viliitwa uasi, na jeshi lililovipigana lina jina ambalo maana yake ni kikosi cha ulinzi. Schutz ni ulinzi. Ndiyo sababu sasa naielewa kalamu nyekundu ya mwalimu kwa namna nyingine. Wajerumani walikuwa na Wizara ya Vita kwa ajili ya kupigana na Wafaransa, na kikosi cha ulinzi kwa ajili ya kuchoma maghala ya mtama. Mfasiri akiyachanganya maneno hayo mawili, msomaji hatajua tena nani alimfanyia nani nini. Sisi wa mji huu, tuliokua tukisikia kila kundi lenye bunduki likijiita mlinzi wa wananchi, tunaijua bei ya kosa kama hilo.

Götzen hakushtakiwa. Mwaka 1906 aliacha ugavana na kurudi kwao, nafasi yake ikachukuliwa na Albrecht von Rechenberg, raia asiye mwanajeshi na aliyejua Kiswahili. Ofisi ya makoloni ilitolewa katika Mambo ya Nje mwaka 1907 na kufanywa wizara inayojitegemea. Götzen aliteuliwa mwaka 1908 kuwa mjumbe wa Prussia huko Hamburg, na huko akafa mwezi Desemba 1910, akiwa na umri wa miaka 44. Miezi michache kabla ya kifo chake, mkutano wa Brussels ulikuwa umeweka mpaka katika nchi aliyoipita mwaka 1894: Gisenyi kwa Wajerumani, Goma na Nyiragongo kwa Wabelgiji. Mama zetu wanaovuka Petite Barrière na beseni za mboga kichwani wanavuka mstari wa mwaka huo. Wizara ya Vita ya Prussia nayo haikudumu. Ufalme ulianguka mwaka 1918, na wizara ikafungwa mwaka 1919.

Jina lake lilisafiri zaidi yake. Wajerumani walijenga meli huko Papenburg mwaka 1913, wakaileta vipande vipande hadi Kigoma, wakaiita Graf von Goetzen. Mwaka 1916 waliizamisha wenyewe ili isitekwe; ilitolewa majini mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi upya kwa jina la Liemba, jina la kienyeji la Ziwa Tanganyika. Mwaka 1997 ilitumika kuwarudisha maelfu ya wakimbizi wa nchi yetu kutoka Kigoma. Ni mabadiliko ya jina ninayoyapenda kuliko yote katika habari hii.

Nimalizie na kazi inayotuhusu. Karibu yote niliyoeleza juu ya safari ya 1894 yanatoka upande mmoja, wa mwenye kitabu. Juu ya Maji Maji hali ni tofauti kidogo. Abdul Karim bin Jamaliddini aliandika utenzi kamili juu ya vita hivyo kwa Kiswahili. Tena mwaka 1968, wanafunzi wa chuo kikuu cha Dar es Salaam walikwenda vijijini wakati wa likizo, wakakaa na wazee waliovikumbuka vita au waliosimuliwa na wazazi wao, wakaandika walichosikia. Walikuwa wanafunzi kama sisi, na bila kazi yao tungebaki na kitabu cha gavana.

Walioviona vibanda vya safari ya 1894 hawapo tena, na watoto wao hawapo. Wajukuu wao wapo, Bukumu, Kibumba, Rutshuru na ng'ambo ya mpaka. Napendekeza kwamba likizo ijayo wachache wetu, pale njia zitakaporuhusu, twende kuwauliza majina ya mlima, maneno ya kale ya mzigo, ya posho na ya njaa, na kama kuna ukoo unaokumbuka kubebeshwa mizigo ya wageni. Tutaanza na swali la bibi: chakula kilibebwa na nani?